Fainali ya Kombe la Billie Jean King ichezwe nyumbani kwa mtu

Kuanzia 2021 hadi 2025, fainali za Kombe la Billie Jean King la tenisi zilichezwa Prague, Glasgow, Sevilla, Málaga na Shenzhen. Miji mitano, na hakuna hata mmoja ambako timu ya mwenyeji ilifika siku ya mwisho. Wacheki walitolewa kwao hatua ya makundi. Uingereza iliishia nusu fainali. Wahispania waliandaa mara mbili mfululizo na mara zote mbili hawakufua dafu. Mwaka 2025 Italia ikaifungisha China virago kwenye robo fainali. Kwa hiyo siku ya kombe lenyewe mataifa mawili yanapambana mbele ya watu ambao timu yao imeshaaga. Wanapiga makofi kwa adabu. Mimi sitaki makofi ya adabu kwenye fainali ya mataifa.

Kwa msiofuatilia sana, hili ndilo shindano la timu za taifa za wanawake katika tenisi. Wanaume walikuwa na Kombe la Davis tangu 1900. Hazel Wightman alitoa wazo la kombe la wanawake mwaka 1919, likakaa zaidi ya miaka 40 bila kutekelezwa kwa upana aliokusudia. Shindano lilianza 1963 kwenye klabu ya Queen's, London, likiitwa Federation Cup. Zilikuja nchi 16, na Marekani ikaifunga Australia 2-1 kwenye fainali. Katika timu hiyo alikuwamo binti wa miaka 19, Billie Jean Moffitt, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Billie Jean King. Mwaka 2020 kombe likapewa jina lake, na kwenye hilo sina ugomvi na mtu.

Mwaka 1995 ndipo lilipogeuzwa la nyumbani na ugenini. Mgeni alimfuata mwenyeji kwake, na mwenyeji ndiye aliyechagua mchezo upigwe kwenye udongo, nyasi au uwanja mgumu.

Ukitaka kujua tulichopoteza, rudi kwenye fainali ya mwisho ya mtindo ule, Perth, Novemba 2019. Australia ilikuwa haijabeba kombe tangu 1974, na safari hii ilikuwa na Ashleigh Barty, namba moja duniani, aliyetoka kutwaa taji la kufunga msimu la WTA (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake) wiki moja tu kabla. Siku ya kwanza Kristina Mladenovic wa Ufaransa alimchapa Ajla Tomljanovic 6-1, 6-1. Kisha Barty akamshukia Caroline Garcia: 6-0, 6-0. Hata gemu moja hakuambulia, tena mbele ya ukumbi uliofurika Waaustralia. Kesho yake Mladenovic akamwangusha Barty mwenyewe kwa seti tatu, ya mwisho ikiamuliwa kwa taibreki (gemu ya kuvunja sare ya 6-6). Tomljanovic akasawazisha, ikawa 2-2. Ikabaki mechi moja, ya wawili wawili.

Nahodha wa Ufaransa, Julien Benneteau, akamrudisha uwanjani nani? Garcia. Akampanga na Mladenovic, mtu aliyetwaa naye taji la wawili wawili la Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, 2016 kabla ya uhusiano wao kuharibika hadharani. Upande wa pili walisimama Barty na Samantha Stosur, na ukumbi mzima nyuma yao. Wafaransa wakashinda 6-4, 6-3.

(Nahodha katika shindano hili, kama hujawahi kuona, hachezi. Anakaa kwenye benchi pembeni ya mchezaji wake, na kila wanapobadilishana upande anamnong'oneza. Katika mchezo uliozoea kumwacha mtu peke yake na raketi yake, napenda sana kuona sura ya nahodha timu inapozama.)

Sasa ichukue mechi ileile uipeleke mji usiowahusu Wafaransa wala Waaustralia. Matokeo yanaweza kuwa yaleyale, lakini uzito wa alichofanya Garcia unapungua nusu. Aliyekuwa mbele yake siku ile hakuwa Barty na Stosur peke yao.

Najua nitajibiwa kwamba kukusanyika mji mmoja ndio utaratibu wa asili, maana kuanzia 1963 hadi 1994 ndivyo ilivyokuwa. Ni kweli. Ila fainali inayotajwa zaidi ya enzi hizo ni ipi? Prague, 1986. Martina Navratilova alikuwa ameipa Czechoslovakia kombe mwaka 1975, akahamia Marekani mwaka huohuo, na sasa anarudi kwao kwa mara ya kwanza akiwa amevaa rangi za Marekani. Marekani ilishinda 3-0, yeye akimfunga Hana Mandlíková, na Waprague walimshangilia mbele ya wakubwa wasiotaka kumsikia. Hata katika mtindo wa mji mmoja, kilichoipa siku ile uzito ni kwamba mwenyeji alikuwa fainali. Ilikuwa bahati ya ratiba. Mimi nataka iwe kanuni.

Jambo moja la mtindo mpya wasiliguse: mechi tatu badala ya tano. Zamani mechi ya wawili wawili iliwekwa mwisho kabisa, na mara nyingi ilipofika, mshindi alikwishajulikana na watu wanatafuta mlango. Sasa ni theluthi ya pambano, na nyota mmoja hawezi kuibeba nchi peke yake. Nusu fainali ya Málaga, 2024: Iga Świątek wa Poland alimshinda Jasmine Paolini wa Italia, akarudi uwanjani na Katarzyna Kawa kwenye mechi ya wawili, wakafungwa na Paolini na Sara Errani 7-5, 7-5. Poland ikaenda nyumbani. Errani, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 37, siku mbili baadaye akabeba kombe.

Hoja nzito ya wanaotetea utaratibu wa sasa ni kalenda. Wachezaji wamechoka, na baadhi ya waliocheza Málaga walitoka moja kwa moja kwenye mashindano ya kufunga msimu kule Riyadh. Siibezi hoja hiyo. Lakini mechi tatu zinamalizika siku moja. Wiki ya mji mmoja ibaki kwa robo na nusu fainali, kisha wawili waliobaki wakutane baada ya wiki chache kwa mmoja wao, kwa utaratibu wa zamu: aliyeandaa mara ya mwisho walipokutana ndiye anayesafiri.

Italia na Marekani zilipokutana fainali ya 2025, zamu ingekuwa ya Marekani, kwa sababu mara ya mwisho kwa mtindo wa nyumbani na ugenini zilichezea Brindisi, Italia, mwaka 2015. Mmarekani Jessica Pegula angecheza kwao badala ya Shenzhen. Inawezekana kabisa Waitalia wangelibeba vilevile: mwaka 2010 waliwafunga Wamarekani fainali palepale San Diego, 3-1.