Jakuzi ya Malindi haitaki msingi wa Uingereza

Ndugu walioko ughaibuni wakitaka kuweka jakuzi uani kwa nyumba ya Malindi au Shela, hutuma nyumbani maelekezo ya Uingereza jinsi yalivyo: kifusi sentimita 10, zege sentimita 10, basi. Mimi niliye Uingereza naona maelekezo yale yabaki huku huku. Si mabaya, ila yametungwa kumkabili adui ambaye Pwani hayupo, na wale waliopo hayawataji hata kidogo.

Adui wa huku ni baridi na udongo. Udongo wa mfinyanzi wa London ukinywa maji huvimba, kiangazi hunywea ukapasuka. Januari maji yaliyo ardhini huganda na kuinua chochote kilicho juu yake. Ndiyo maana ya kile kifusi kilichoshindiliwa: maji yapate pa kushukia yasigande chini ya zege. Malindi hakuna kinachogandia ardhini. Kuna chumvi, kuna mchanga unaohama, na kuna matumbawe yenye mapango ndani.

Uzito tu ndio haubadiliki. Jakuzi ya watu 6, upana mita 2.1 kila upande, ikiwa tupu ina kama kilo 350. Maji lita 1,300 ni kilo 1,300. Watu 6 weka kilo 450. Jumla ni kilo 2,100, karibu kilo 480 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi. Sasa kuna wanaotaka kuipandisha juu ya dari la nyumba ya kale mjini Lamu, dari la boriti za mikoko na chokaa, lililobeba watu na vitanda vyao miaka mingi. Haifai! Boriti ikizidiwa hupinda, chokaa hupasuka, maji ya mvua hupata njia. Isitoshe Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hapo mtu habomoi wala haongezi kitu kwa kujiamulia. Jakuzi ikae chini.

Kabla ya kuchimba, chukua mtaimbo ugonge eneo lote, kila nusu mita. Penye mwamba wa matumbawe sauti ni kavu na mtaimbo hurudi mkononi. Ukisikia mlio kama wa mtungi mtupu, pana pango: pasua, jaza mawe na zege, au hamia pengine. Penye mchanga, toa ule wa juu wenye mizizi, mwagia maji, shindilia, kisha weka kifusi cha mawe sentimita 15 kwa matabaka mawili, kila tabaka likishindiliwa peke yake. Tabaka moja nene hukaza juu tu, chini likabaki tifutifu. Juu yake tandika nailoni ya geji 1000, ili mchanga usinywe maji ya zege na unyevu wa chumvi usipande.

Zege lenyewe liwe mita 2.5 kwa 2.5, unene sentimita 15. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1½ kwa 3 ni saruji mifuko 8, mchanga mita za ujazo 0.42 na kokoto 0.84. Ongeza mifuko 3, na mchanga na kokoto kwa kadiri hiyo, kwa ajili ya kingo: pande zote nne zizame sentimita 15 zaidi, upana sentimita 20. Maelekezo ya Uingereza hayana kingo hizi. Kwenye mchanga wa kwetu, maji yanayomwagika kila watu wakitoka huchimba chini ya ukingo taratibu, mpaka kona inabaki ikielea, na siku moja inavunjika.

Mchanga wa ufuoni, hapana, hata kama uko hatua kumi kutoka ukutani na ni wa bure. Chumvi yake hula chuma. Chuma kikila kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tumia wa mto, uliochotwa mbali na bahari. Maji ya kisima chenye chumvi nayo yasiguse mchanganyiko. Mfuko mmoja hautaki zaidi ya lita 25, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Fundi akiongeza maji ili zege limiminike kirahisi, nguvu inaondoka nayo. Chuma ni wavu wa BRC A142, ukae juu ya vipande vya zege vya sentimita 5. Ukilazwa juu ya nailoni halafu "utainuliwa baadaye", hautainuliwa.

Paipu ya waya wa umeme ipitishwe kabla ya kumwaga. Kupima usawa, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, unashinda pimamaji fupi, mradi usiwe na povu la hewa. Povu moja hudanganya. Kona hadi kona tofauti isizidi milimita 5. Jakuzi iliyoinama huonekana mara moja, kwa sababu maji hayainami, na ganda lake hupasuka pale linapoelemewa. Kuipachika vibao chini hakusaidii, maana uzito wote huhamia kwenye vibao, na mchwa nao wanavisubiri.

Huku zege hufunikwa lisipigwe na baridi. Nyumbani hufunikwa lisikauke: upepo wa kaskazi na jua la saa sita hulichanachana uso mchana mmoja. Magunia yaliyolowa, siku 7, usiku na mchana. Jakuzi isijazwe kabla ya siku 28.

Kwa Lamu, pima uchochoro kabla hujalipa. Jakuzi ikilazwa ubavu inataka karibu mita moja ya upana, na kona za kule hazipanuki. Kila mfuko wa saruji utapanda mgongoni mwa punda, nayo ni gharama ambayo muuzaji wa huku haijui. Ikishindikana kupita, nunua ya kujaza upepo. Msingi wake ni uleule, kwa sababu maji hayapungui uzito.