Tumekasirika, Wanatupa Pole

Panki ni muziki wa hasira. Hilo nimelieleza mpaka mdomo umekauka. Unapanda jukwaani, unalishika gitaa kama unalidai kodi ya nyumba, unapayuka dakika moja na nusu juu ya mambo yanayokukera, halafu unaingia wimbo unaofuata kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga makofi. Walioupiga kule London miaka ya 1970 walitemewa mate, wakatupiwa chupa, magazeti yakalia kwamba vijana wamepotea. Sisi hapa Nairobi tunapiga hivyo hivyo, tena kwa bidii, na tukishuka anakuja mama mmoja na glasi ya maji ya vuguvugu: "Pole, mwanangu. Hicho kifua umekionyesha daktari?"

Sasa hasira utaipeleka wapi?

Mimi nauza rangi na misumari, nakaa Rongai. Jumamosi jioni nabeba gitaa kwenda kupiga shoo Kasarani, yaani magari mawili na kukatiza mji kwa miguu hapo katikati. Nganya za Rongai, zile matatu za mapambo, mnazijua. Unaingia, unaketi, gitaa unalisimamisha katikati ya magoti, makanga anakutazama. "Huyo naye analipa." Huyo ni gitaa. Nalipa. Halafu dereva anafungulia muziki, na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu spika iliyo chini ya kiti changu peke yake inavishinda vifaa vyote vya bendi yetu. Vioo vinatetemeka, meno yanatetemeka, na kando yangu mtoto mchanga amelala fofofo mapajani pa mama yake. Ikiwa mtoto wa Rongai analala ndani ya kelele hiyo, mimi naenda kumtisha nani na ampu ya wati 30?

Ampu yenyewe ni ya mpiga besi. Ngoma ni za kanisa. Mpiga ngoma wetu Jumapili hupigia kwaya, kwa hivyo pasta alikubali tuziazime kwa masharti: zirudi kabla ya ibada ya kwanza, zisinuke sigara, na karatasi iliyobandikwa kwenye ile ngoma kubwa isibanduliwe. Karatasi ni ya zambarau, imeandikwa BWANA NDIYE MCHUNGAJI WANGU kwa herufi zinazosomeka kutoka kaunta. Basi tuko wanne, tumevaa nyeusi tupu, suruali zimechanika magotini, mimi napayuka kwamba sina bwana wala mkubwa, na nyuma yangu Zaburi ya 23 inarukaruka kila mguu unapokanyaga pedali. Kuna mzee mmoja akiiona huvua kofia.

Halafu kuna habari ya muda. Mwenye baa aliniuliza siku ya mapatano, "Mnaanza saa ngapi, mnamaliza saa ngapi?" Nikamwambia tunapiga dakika ishirini. "Halafu mnapumzika?" Halafu tumemaliza, bosi. Akaweka simu mezani, akanitazama vizuri. Huyu ni mtu wa rumba. Amezoea wimbo mmoja wa Franco unaoweza kumaliza upande mzima wa santuri, sebene ikianza unaagiza nyama, na nyama inafika sebene haijaisha. Nikajaribu kumwelimisha. Nikamwambia Ramones, bendi ya panki ya New York, mwaka 1976 walitoa albamu yao ya kwanza, ina nyimbo 14, na zote kwa pamoja hazifiki nusu saa. Akafikiri kidogo, akasema, "Hao walikuwa wanawahi gari la mwisho."

Tukapatana tupige wakati wa mapumziko ya mpira. Si mzaha. Arsenal wanacheza, refa anapuliza filimbi, runinga inanyamazishwa, tunaambiwa, "Haya, vijana, dakika 15." Hakuna anayegeuza kiti. Wanaendelea kutazama wachambuzi wanaochezesha midomo bila sauti, na mimi ndiye sauti. Wimbo wetu wa kuwalaani wanyakuzi wa ardhi ukaangukia kwenye marudio ya bao, baa nzima ikashangilia, nami kwa sekunde chache nikadhani tumeeleweka. Wachezaji walipochungulia tu kurudi uwanjani, ubeti uko katikati, sauti ya mtangazaji ikatupanda kichwani.

Shabiki tunaye. Mmoja, fundi wa simu. Kijana anajua panki inavyochezwa: unaruka, unagongana mabega na wenzako. Shida ni hao wenzako. Alimgonga bwana mmoja aliyekuwa anatoka msalani, yule bwana ndiye akaomba radhi: "Samahani ndugu yangu, sikukuona." Alimgonga wa pili, akavutiwa kiti aketi apate hewa. Wa tatu akawa baunsa, na hapo hadhira yetu yote ikatolewa nje kwa kola. Tulimalizia shoo tukimwona kupitia dirishani, anarukaruka peke yake katikati ya pikipiki.

Na sheria je? Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka usiku, mtaani, sauti isizidi desibeli 35. Hiyo ni watu wawili wakiteta. Ngoma zetu huwezi hata kuzishusha kwenye mkokoteni kwa desibeli 35. Kwa hivyo polisi walipoingia usiku mmoja, nawaambia ukweli, tulifurahi. Mpiga besi alishika simu tayari kwa picha, maana bendi ya panki kufungiwa shoo na polisi ni sifa ya kula nayo maisha. Afande akasimama mlangoni, akasikiliza ubeti mzima. Akatikisa kichwa. "Si hawa," akamwambia mwenzake. "Tunatafuta wale wenye kelele." Wenye kelele walikuwa kesha la maombi ghorofa ya juu. Na haki itendeke, besi yao ilikuwa bora kuliko yetu.

Malipo sitaki kuyazungumzia sana. Nusu kilo ya choma kwa watu wanne, soda moja moja, na pesa ni "nitatuma." Anatumaga lini, Mungu ndiye anajua.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni wimbo wa keateka. Keateka, yaani msimamizi wa ploti yetu, hufunga maji Ijumaa jioni na kuyafungulia Jumatatu, ukimuuliza anasema mfereji unapumzika. Nikamtungia wimbo. Kiitikio ni jina lake na neno mwizi, mara nane, basi. Siku moja tulikuwa tunapiga hapa hapa Rongai, nikamwona ameingia na shati lake la kitenge. Nikasema leo ndiyo leo. Niliupiga nimemkazia macho, mishipa ya shingo imesimama, mate yanaruka. Akaweka chupa chini. Akasogea mbele taratibu, mkono mmoja hewani, kiuno kinafuata mdundo ambao sisi hatukuwa tunaupiga, akatoa noti ya mia mbili akanibandika nayo kwenye paji la uso. Jasho likaishika.

"Rudia," akasema. "Na jina ulitaje lote, mpaka la baba."

Kwa sababu watu hapa wamelelewa na rumba. Bendi ikikutaja, umeheshimiwa, na hilo la mwizi ni kibwagizo tu. Tukarudia. Tukarudia tena. Mwenye baa alitabasamu kwa mara ya kwanza, maana wimbo ulikuwa umevuka dakika sita.

Sasa keateka wa ploti ya pili amenipigia, amejaa wivu. Anasema yeye hufunga maji tangu Alhamisi, anashangaa ni vipi hajaimbwa, na ubeti wa pili una nafasi? Nimemwambia mia tatu. Jina lake ni refu.