Walikula Nini Baharini?

Juma lililopita tulikaa watu wapatao ishirini katika ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, tukatazama filamu ya makala kuhusu wakimbizi wanaovuka bahari kwa mashua. Kando yangu aliketi bi mkubwa mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, aliyefika Mombasa kwa jahazi kutoka Barawa, mji wa pwani ya Somalia, mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka huko. Watu wa kwenye filamu walipokuwa wakishushwa pwani wamefunikwa mablanketi, aliniinamia akauliza, "Mwanangu, hawa siku zote hizo baharini walikula nini?" Filamu haikusema. Ilikuwa imekwisha kuhamia kwa mtoto anayelia, na muziki wa huzuni umepandishwa juu ya kilio chake.

Tangu usiku ule nalichukua swali hilo kuwa kipimo changu cha filamu za namna hii. Nimetazama nyingi na nazipenda, ndiyo maana upungufu wake unaniuma. Nyingi humkuta mkimbizi katika siku iliyo mbaya kuliko zote za maisha yake na kumwacha papo hapo, kana kwamba hakuwa na jana. Hatuambiwi alikuwa fundi wa nini, alikuwa akimjengea nani nyumba, wala alikuwa akimdai nani. Najua huruma huleta misaada, na misaada imeokoa roho za watu. Lakini mtu anayeonyeshwa akilia tu, mwaka baada ya mwaka, mwishowe huonekana kwa mtazamaji kuwa kilio ndiyo kazi yake.

Sisi wa Mombasa tunayo haki ya kudai zaidi, kwa kuwa jambo hili lilitufikia mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji huu na viunga vyake ulikuwa na kambi kadhaa: Utange, Benadir, Swaleh Nguru, na ile ya Wabajuni kule Jomvu. Kabla ya muongo ule kwisha zilikuwa zimefungwa. Wengi wakahamishiwa Kakuma na Dadaab, wengine wakarejea kwao, wengine wakapokewa Marekani. Leo ukitaja wakimbizi wa Kenya, kamera zote huelekea nchi kavu ya kaskazini, na kijana anayekulia Utange anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba maelfu ya watu waliwahi kuishi hapo chini ya maturubai.

Lipo pia suala la lugha, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Watu wa Barawa husema Chimiini, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu, na bi mkubwa anapozungumza na dada yake kwa simu, sikio langu lililozoea hufuata mengi. Lakini mtu kama yeye akiingia katika filamu, mara nyingi husikika kwa sekunde tatu, kisha sauti ya msimulizi humfunika na kuendelea kwa niaba yake. Kwa desturi yetu, kumkatiza mzee namna hiyo ni utovu wa adabu, na sioni kwa nini kamera isamehewe.

Inawezekana kufanya vingine. Hassan Fazili, mwongozaji wa filamu kutoka Afghanistan aliyelazimika kukimbia na mkewe na binti zao wawili baada ya Taliban kutaka auawe, alirekodi safari yao hadi Ulaya kwa simu tatu za mkononi, na mwaka 2019 filamu hiyo, Midnight Traveler, ikatoka. Ndani yake watoto wanachoka kungoja, wanacheza, mume na mke wanagombana na kupatana. Binti mmoja anapopotea kwa muda, baba anakiri kwamba alijikuta akiwazia namna tukio lile litakavyofaa kwenye filamu, akaichukia nafsi yake kwa wazo hilo. Ungamo kama lile hutoka kwa mtu ambaye msiba ni wake mwenyewe.

Baada ya onyesho nilimsindikiza bi mkubwa nyumbani, akanionyesha mbuzi ya kukunia nazi aliyotoka nayo Barawa. Jahazi lilikuwa limejaa na hapakuwa na pa kukaa, kwa hiyo aliikalia njia nzima, ulimi wa chuma ameuzungushia leso usimkate mtu. Ulimi umekwisha kubadilishwa mara mbili. Ubao ni ule ule, umelainika katikati. Anasema alipokuwa kambini aliwahi kujiwa na watu wenye kamera, wakamwuliza amefiwa na wangapi, wakaandika idadi, wakaondoka.

Nimemwomba ruhusa ya kumrekodi. Amekubali, kwa sharti kwamba nije baada ya Alasiri, nisimkatize, na nianzie jikoni.