Kolo: tuhifadhi michoro bila kuwafukuza wenye matambiko

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, hoja ya kuifanya Kondoa kuwa mahali pa mapumziko na utalii ina uzito kuliko zamani. Kuna milima ya Irangi, na kuna michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ugomvi uko kwenye mwamba wa Mungumi.

Wenyeji hawaendi Mungumi kutazama picha. Wanakwenda kuomba mvua na kutafuta tiba, na katika tambiko humwagwa pombe ya mtama. Wahifadhi wanapinga, na wana haki ya kuogopa: pombe ikirushwa ukutani huharibu rangi, na mchoro uliofutika haurudi. Wazee nao wanauliza, hifadhi gani hii inayomzuia mjukuu asifanye alichofanya babu yake?

Kondoa imeshapita njia hii. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa kuondoka kwenye eneo lililomomonyoka, kilometa za mraba zipatazo 1,256. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mifugo ilipoondoka, nyasi na miti vikarudi, na huo ni ushindi nisioweza kuudharau. Lakini gharama waliibeba wafugaji. Ng'ombe alikuwa maziwa, samadi, mahari na akiba ya mwaka wa njaa, na vyote hivyo viliondoka naye.

Hata hivyo, mwaka 1979 kulikuwa na hoja: kwato na malisho kupita kiasi kweli viliichakaza ardhi. Mungumi hali ni tofauti. Michoro inaliwa pia na jua na maji ya mvua, mikono ya wageni, na wanaochimbua mapango wakisaka mali wanayoamini Wajerumani waliizika. Kuanza na mzee mwenye kibuyu ni kumwonea aliye karibu.

Naunga mkono utalii, kwa masharti. Pombe imwagwe chini, mbali na ukuta, kwa makubaliano na wazee wenyewe. Siku ya tambiko watalii wasubiri. Sehemu ya kiingilio ibaki kijijini, na walinzi watoke huko huko, kwa sababu ndio wanaojua nani kapanda mlimani usiku na jembe.