Wati za sandukuni na wati za redio: spika za pikapu zitolewe au ziachwe?

Pikapu ikishavuka mpaka wa Kasumbalesa na kufika Lubumbashi, mwenyewe huwa na mawili ya haraka: matairi na muziki. Matairi hayana ubishi, barabara ndiyo inayoamua. Kwenye muziki watu wamegawanyika. Wengi, mafundi na wauzaji wakiwa mstari wa mbele, wanasema spika zilizokuja na gari ni za kutoa siku hiyohiyo. Wachache wanasema ziache kwanza, na zikifa uweke zinazofanana nazo. Hawa wachache huonekana wabahili, au watu wasiojua muziki, na katika mji wenye masikio kama huu hilo ni tusi zito.

Fundi wa upande wa kwanza ana hoja ya kukuonyesha kwa mkono. Anafungua kava ya mlango, anatoa skrubu, anaishika spika kwa vidole viwili tu. "Mukubwa, angalia hii. Ni karatasi. Tuitoshe, tukuwekee hii ya wati mia sita." Na ile ya sandukuni kweli ni nzito, sumaku yake ni pana, koni inang'aa, ukingo wake ni mpira mnene. Ukiziweka sambamba mezani, ya kiwanda inatia huruma. Kuhusu vifaa fundi anasema kweli: kiwanda kinachotoa magari kwa maelfu hubana kila senti, na spika ni mahali rahisi pa kubana, kwa sababu hakuna anayeuliza habari zake siku ya kununua gari.

Ila wepesi huo anaoucheka ndio unaoiwezesha ile karatasi kuimba kwa redio dhaifu. Na redio ya gari ni dhaifu kuliko inavyojitangaza.

Redio nyingi za dukani zimeandikwa usoni 50 W x 4. Tuihesabu. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14.4 hivi. Amplifaya iliyomo ndani ya redio ya kawaida ni kichipu kimoja kisicho na kifaa cha kupandisha volti, kwa hiyo mawimbi yake ya sauti yanagota kwenye hizo 14.4, juu na chini. Wimbi safi lenye kilele cha volti 14.4 lina volti 10 hivi za kufanya kazi (kilele ukikigawanya kwa 1.41). Kumi mara kumi ni 100, gawanya kwa ohm 4 za spika (ohm ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme), unapata wati 25. Hapo hatujatoa kinachopotea ndani ya chipu yenyewe. Ukikitoa, kinachofika safi kwa kila spika ni wati 15 hadi 20. Basi ile 50 ilitoka wapi? Chukua 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4: karibu 52. Ni nguvu ya wimbi lililokatwa kichwa na miguu mpaka likawa mraba. Hesabu yake imekaa sawa, tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kusikiliza wimbo uliofikishwa hapo.

Sasa rudi kwenye ile 600 ya sandukuni. Kwanza, mara nyingi ni kilele cha muda mfupi mno, au ni spika mbili zilizojumlishwa. Tafuta herufi ndogo zilizoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu, na utakuta sehemu tu ya hiyo. Pili, hata ingekuwa kweli tupu, inaeleza kiasi ambacho spika inaweza kuvumilia kabla koili yake haijaungua. Sauti itakayotoka ni habari nyingine. Redio inaleta 18, na spika iliyoandikwa 600 inapokea 18 zilezile.

Namba inayohusu sauti iko nyuma ya sanduku, kwa maandishi ambayo muuzaji hayasomi, nayo imeandikwa kwa dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Inasema spika ikilishwa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1 inatoa sauti kiasi gani. Spika nyepesi inaweza kufika 91 au 92. Yenye koni nzito na ukingo mgumu, iliyoundwa kwa ajili ya amplifaya kubwa, huwa 86 au 87. Kwa macho tofauti ya 6 ni ndogo. Lakini kila dB 3 ni kuongeza nguvu maradufu, kwa hiyo spika ya 86, ili ilingane na ya 92 inayokula wati 18, inahitaji wati 72. Redio haina hizo 72 na haitazipata popote. (Wapo pia watengenezaji wanaopima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwenye spika ya ohm 4 hizo ni wati 2, na namba yao inapanda dB 3 bila spika kubadilika hata kidogo. Soma mpaka mwisho wa mstari.)

Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kukaa garaje akisubiri gari. Mtu amelipa, anafungua muziki, na muziki uko chini kuliko asubuhi. Anapandisha. Redio inaanza kukata mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa yanamwaga joto kwenye twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ambazo ndizo hufa kwanza. Akirudi kuuliza, anaambiwa sasa anahitaji amplifaya. Ni kweli anaihitaji. Lingesemwa kabla ya dola kutoka mfukoni.

Halafu kuna mlango wenyewe, ambao hautajwi sana kwa sababu hauuzwi kwenye sanduku. Mlango wa pikapu ni bati jembamba lenye matundu makubwa ya fundi kupitishia mkono. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ya nyuma ikitokea kwenye matundu na kukutana na ya mbele, besi zinafutana. Ziba matundu hayo kwa shiti za butili, yaani mpira unaonata, zenye foili ya alumini, bandika vipande vichache kwenye bati la nje, acha wazi vitundu vya chini vya kutolea maji, na spika ileile ya karatasi itatoa besi ambayo mwenye gari hakujua kwamba anayo. Usichukue ile ya lami inayotengenezwa kwa ajili ya paa. Gari likikaa juani mwezi wa Oktoba, lami inanuka na inateleza.

Na mvua. Kuanzia Novemba mpaka Machi au Aprili maji hushuka na kioo, huingia ndani ya mlango na kutokea chini. Ndivyo mlango ulivyoundwa. Kati ya maji hayo na kava, kiwanda huweka plastiki nyembamba iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Fundi mwenye haraka huipasua kwa wembe ili apitishe waya, na haibandiki tena. Zulia likija kulowa, watu wanatafuta tundu kwenye paa au kwenye mpira wa kioo, na hakuna anayekumbuka siku ya spika. Pete za mbao za MDF zinazochongwa ili spika mpya ikae nazo hunyonya maji hayohayo, huvimba, skrubu hulegea na mlango unaanza kutetema. Spika ya kiwanda ilikuja na kishikilio chake cha plastiki na sponji la kuziba pembeni, kila kitu kimekaa mahali pake. Ukiitoa, hayo yote unatakiwa uyatengeneze upya, na ni mafundi wachache wanaoyatengeneza.

Hata hivyo wanaobadilisha wana kesi yao, na haipaswi kupuuzwa. Pikapu nyingi za kazi ni za daraja la chini: spika mbili mbele, twita hakuna, na hapo gitaa la sebene linapoteza makali yake yote. Karatasi hunyonya unyevu, sponji la ukingo huoza kwa joto, vumbi jekundu la kiangazi huingia mpaka kwenye koili. Kuna kipimo cha bure. Weka vidole pande mbili za koni, isukume taratibu na sawasawa. Ukisikia inakwaruza, koili imepinda au imeziba, na hakuna butili itakayoiponya. Hiyo itoe, usibishane.

Wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni besi. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi uko kwenye herzi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya mlango ya inchi 6.5, iwe ya kiwanda au ya dukani, huanza kuchoka kwenye 60 au 70. Anayetaka hizo 41, hasa kwenye barabara ya Likasi ambapo mngurumo wa dizeli na matairi hufunika sauti za chini, anahitaji wufa, spika kubwa ya besi, chini au nyuma ya kiti na amplifaya ya kuiendesha. Kwa mtu huyo, spika nzito ya dB 86 mlangoni ni chaguo sahihi kabisa, kwa sababu wati anazozidai zitakuwepo, na spika nyepesi ya kiwanda ingepasuka. Alipe tu gharama yote. Amplifaya yenye wati 50 halisi mara nne huvuta ampea 20 au zaidi ikikazwa. Waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, kabla waya haujagusa bati lolote. Waya usio na fyuzi ukichubuka, gari linawaka moto.

Shida ni wale walio katikati, nao ndio wengi: redio ileile, hakuna amplifaya, spika za wati mia sita. Wamenunua nusu ya mfumo, tena nusu isiyofanya kazi peke yake. Hao ndio ningependa wawasikilize wale wachache wanaoitwa wabahili.

Kwa hao walio katikati ushauri unakuwa hivi. Gari likitoka Japani, anza na redio, kwa sababu FM ya kule inaanzia 76 na kuishia 90, au 95 kwa za karibuni, na stesheni za juu ya hapo hazishikiki. Ukifika kwenye spika, pima ohm za ile ya zamani kabla ya kununua mpya. Mita ikisoma 3 na nusu hivi, spika ni ya ohm 4, jambo la kawaida. Ikisoma chini ya 2, ni ya ohm 2, na hapo pengine kuna amplifaya ya kiwandani imefichwa mahali. Ukiiwekea spika ya ohm 4, nguvu inashuka karibu nusu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: spika ya ohm 2 kwenye redio iliyotengenezwa kwa 4 huichemsha chipu mpaka inajizima au inakufa. Pima pia kina, kioo kikiwa kimeshushwa chini kabisa. Ile sumaku pana iliyopendeza mezani ndiyo inayogota kwenye kioo.

Halafu chagua kwa dB, 90 kwenda juu, ukingo wa mpira, koni ya plastiki au karatasi iliyopakwa dawa ya kuzuia maji. Kama mlango na dashibodi havina nafasi ya twita, chukua ile yenye twita katikati na usijisikie mnyonge. Seti ya vipande viwili yenye krosova yake, kile kisanduku kinachogawa sauti za juu na za chini, ni nzuri zaidi, ila krosova nayo inataka mahali pakavu pa kukaa, na ndani ya mlango mwezi wa Januari hapana pakavu.

Siku ya kufunga, beba betri ndogo ya volti 1.5, ile ya tochi. Kabla kava haijarudishwa, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye nyaya za spika, kwa sekunde moja tu, soketi ya redio ikiwa imechomolewa. Koni iruke kwenda nje. Fanya vivyo hivyo mlango wa pili. Mmoja ukiruka nje na mwingine ukiingia ndani, spika zinapingana na besi imekwisha, hata kama zingekuwa za bei gani. Kosa hili ni la kawaida mno kwa sababu nyaya za kiwandani zina rangi ambazo hazifanani na nyekundu na nyeusi za sandukuni, na fundi anakisia.

Spika za nyuma kwenye pikapu ya milango minne ziache zilivyo mpaka zife zenyewe. Fedha yake iende kwenye butili ya milango ya mbele. Na mwambie fundi asikate soketi ya kiwanda. Aunge kwa soketi ya kati, au aombe muda aitafute, na spika za zamani akupe uende nazo nyumbani na skrubu zake. Atakayenunua gari kwako anaweza kuziulizia.