Shangazi alivyojikuta kwenye riwaya yangu

Kuna ubishi hauishi kwa sisi tunaoandika riwaya, kwamba je ni sawa kuchukua maisha ya ndugu zako ukayaweka kitabuni au ukae utunge kila kitu kichwani. Mi naandika hapa Dodoma mwaka wa tatu sasa na ishu hii imenigusa ndani kabisa.

Shangazi yangu, upande wa Bahi huko, alikuwa binti mdogo 1971 ile Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Alinisimulia walivyoacha tembe lao na kinu kikabaki uani maana lori lilishajaa. Nikaandika sura nzima, nikabadili jina, nikaona imetosha. Juzi nikaenda kumsomea, akasikiliza kimya mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, hapo unaposema nililia, sikulia mimi. Aliyelia ni mama. Mi nilikuwa nafurahi kupanda lori."

Wanaosema tuchukue wana hoja nzito sana. Mwandishi Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 ameiweka hapohapo Namagondo bila kuficha, kikapigwa marufuku mashuleni lakini mpaka leo watu wanakisoma. Shafi Adam Shafi kwenye riwaya yake Kuli, 1979, amechukua mgomo wa makuli, wale wabeba mizigo wa bandarini, wa Zanzibar wa 1948. Na sisi Wagogo tuna Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yamechukua ng'ombe na chakula na vijana wakawa wapagazi halafu mvua ikakata, wazee walioisikia kwa waliopona wanaisha mmoja mmoja, sasa tukinyamaza kwa kuogopa kumuudhi mtu nani ataisimulia?

Wanaopinga nao wanasema mwenye maisha hana pa kujibia. Kweli. Kijijini kubadili jina hakumfichi mtu, ukitaja tu nyumba iko wapi kila mtu ashajua ni nani.

Ila kilichoniumiza mimi ni kingine. Yale machozi niliyatoa wapi? Niliyatoa kwenye vitabu, nimesoma riwaya nyingi mno ambazo mtoto akihamishwa analia, kwahiyo pale ambapo sikumuuliza shangazi nikajaza na nilichokisoma. Yaani kusoma ndo kumenifundisha kujenga sura, sikatai, bila kusoma nisingeandika hata ukurasa, lakini kusoma hukohuko kumenifanya nimsingizie mtu wangu wa damu. Kosa langu halikuwa kuchukua maisha yake, nilichukua kidogo mno.

Kwahiyo mi nipo upande wa kuchukua, ila umsomee mwenyewe kabla hujapeleka kwa mchapishaji. Najua mtauliza, na yule aliyempiga mkewe miaka ishirini, naye tumsomee ili aseme futa? Hapana, huyo simwombi ruhusa, nitamsomea mke.

Sura nimeiandika upya, binti yuko juu ya lori anacheka na mama yake analia pembeni, na imekuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Nimemsomea tena shangazi kwa simu. Akasema kinu kilikuwa cha mninga, mbona sijaandika.