Umoja Ukivunjika, Hataza Hubaki kwa Nani?

Jirani yangu wa hapa Tanga, ambaye hufungasha iliki na pilipili manga za Amani, aliniuliza kama siku nchi yetu ikijitoa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki cheti chake cha alama ya biashara kitageuka karatasi ya kufungia vitumbua. Nilimjibu kwamba inategemea cheti hicho kimetoka mkono wa nani, na bado naamini kuwa hilo ndilo swali pekee la kuuliza katika jambo hili.

Tuchukue mfano wa Uingereza: ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha mwishoni mwa mwaka huo. Wengi walidhani hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ndizo zingeumia kwanza, lakini hazikuguswa, kwa sababu Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliyoko Munich si chombo cha Umoja huo. Imeundwa na mkataba wa mwaka 1973 unaojitegemea, ambao hata Uswisi na Uturuki ni wanachama wake. Kilichopotea ni nafasi katika Mahakama ya Pamoja ya Hataza, iliyoanza kazi Juni 2023 bila Uingereza.

Alama za biashara zilikuwa na mkasa mwingine. Alama iliyosajiliwa katika ofisi ya Umoja wa Ulaya iliyoko Alicante, Hispania, ni mali iliyozaliwa na sheria ya Umoja wenyewe, hivyo Uingereza ilipotoka, alama hiyo ingekoma kulindwa katika ardhi yake. Serikali ililazimika kutunga sheria ili kila alama iliyokwisha kusajiliwa ipate pacha wake wa Uingereza, bila ada wala maombi, kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa bado wanasubiri usajili hawakupata upole huo: walipewa miezi tisa ya kuomba upya, tena kwa kulipa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mfanyabiashara mdogo huumia, kwani mwenye wakili hukumbushwa tarehe, na asiye naye husikia habari muda ukiwa umekwisha.

Kwetu mambo ni mepesi zaidi, ingawa si kwa sababu ya busara kubwa. Jumuiya haina daftari lake la alama wala la hataza. Hataza za pamoja hupitia ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika linalotoa hataza, lenye makao Harare, ambalo limesimama juu ya mikataba yake yenyewe. Ndiyo maana Tanzania ilipojitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, hataza hazikutikisika. Mali, Niger na Burkina Faso nazo zilitoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025, lakini hataza zao ziko chini ya OAPI ya Yaoundé, shirika la hataza la nchi nyingine za Afrika, chombo kingine kabisa.

Cheti cha jirani yangu kimetolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kwa hiyo Jumuiya ikivunjika leo, kitabaki kama kilivyo. Shaka yangu ni ya karibu zaidi. BRELA husajili kwa ajili ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili, ilhali pakiti za iliki yake huvuka kwenda Pemba bila sisi kutoka katika muungano wowote. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza ada ya huko ni shilingi ngapi.